Umelipia intaneti ya 20 Mbps unaona 2.5 MB/s? Kabla hujatukana mtu soma hapa

Jamani ngoja niwape aibu yangu, maana najua humu wapo wenzangu wengi.

Nina kiduka cha steshenari hapa Ngamiani, Tanga, naprinti, naskani, nawawekea watu mafaili kwenye flashi. Bando za simu zilivyonichosha nikafunga intaneti ya ruta, kifurushi cha spidi ya 20 Mbps. Siku ya pili tu kaja kaka mmoja ana video ya harusi ya dada yake, GB 1.5, iko Google Drive, anataka nimshushie. Nikapiga hesabu ya haraka, MB 1,500 gawa kwa 20 ni sekunde 75, nikamwambia kaa hapo kaka, dakika moja tu. Weee! Kompyuta inasoma 2.4 MB/s na haipandi ng'o, kaka wa watu kaangalia saa mpaka kachoka, kavuka barabara kanywa kahawa na kashata, karudi bado. Dakika kumi na ushee! Nikapiga huduma kwa wateja nikammwagia dada wa watu maneno yote ya pwani ninayoyajua, nimelipia 20 mnanipa 2, wezi nyie.

Fundi alivyokuja hata ruta hakuigusa. Akanionyesha mama anayeuza machungwa ya Muheza pale mbele, kayapanga mafungu juu ya kiroba. Akaniuliza, fungu likiwa la machungwa 8, machungwa 20 ni mafungu mangapi? Mawili na nusu. Akasema basi ndo hivyo, sisi tunakuuzia kwa kuhesabu chungwa mojamoja, kompyuta yako inahesabu mafungu.

Chungwa ndo biti, yaani chembe ndogo kabisa ya data, fungu ndo baiti. b ndogo kwenye Mbps ni biti, B kubwa kwenye MB/s ni baiti, na baiti moja ni biti 8, kwa hiyo namba ya kwenye mkataba we gawa kwa 8 ndo upate unachokiona ukidaunlodi. Ile 0.1 yangu iliyopungua, kutoka 2.5 mpaka 2.4, inaliwa njiani, kila kipande cha data kinabeba na anwani yake.

Ukitaka kubishana na kampuni pima na app ya kupima spidi, zile nyingi zinasoma Mbps kama mkataba. Na uchomeke waya kwanza, waifai inadanganya sana, mi ruta nilikuwa nimeificha nyuma ya friji la soda afu nalalamika. Angalia pia namba ya kuaplodi, ni nyingine kabisa, wanaorusha video YouTube hiyo ndo inawahusu.

Halafu GB ya bando sio spidi, ni kiasi. Kwa 20 Mbps ikikimbia yote, GB 1 haimalizi hata dakika 7, ndo maana mnasema bando linaibiwa usiku.

Yule dada wa simu sijamuomba radhi mpaka leo, kila nikipiga anapokea mwingine.