Kabla Hujaandika "Ichimatsu" Kwenye Kadi ya Mteja

Wadogo zangu mlioanza kazi ya nakshi huku Japani, nawapenda, ila mnanichosha. Kila kundi jipya likiingia ofisini, haupiti muda naletewa kadi ileile ya maelezo: picha ya madrafti ya buluu na nyeupe, na chini yake, kwa kujiamini kabisa, "Ichimatsu, neno la kale la Kijapani lenye maana ya umilele." Mmelitoa wapi? Mmelitoa kwa waliowatangulia, nao walilitoa kwangu. Ndiyo maana naandika.

1. Ichimatsu ni jina la mtu. Sanogawa Ichimatsu, mwigizaji wa kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, alizaliwa 1722 na kufariki 1762, alitokea Kyoto akaja kufanya kazi Edo, ambayo sasa ni Tokyo. Mwaka 1741 alipanda jukwaani kwenye ukumbi wa Nakamura-za akiigiza kijana aitwaye Kumenosuke, amevaa hakama, lile vazi pana la kiunoni, ya madrafti meupe na buluu iliyoiva. Kijana alikuwa mzuri wa sura na mji ukampenda. Wanawake wa Edo wakaitaka nakshi ile kwenye kimono zao, na wachoraji wa picha za kuchapa kwa mbao kama Okumura Masanobu na Ishikawa Toyonobu hawakubaki nyuma, wakamchora. Kitambaa kikaitwa cha Ichimatsu, na jina likaganda mpaka leo. Hakuna fumbo hapo. Mtu alipendeza, watu wakaiga.

2. Nakshi ni kongwe kuliko jina lake. Kabla ya Ichimatsu kuzaliwa iliitwa ishidatami, yaani sakafu ya mawe yaliyopangwa, na kwenye mavazi ya ikulu iliitwa arare, mvua ya mawe. Imeonekana hata kwenye haniwa, zile sanamu za udongo zilizowekwa kwenye makaburi makubwa ya kale. Kwa hiyo ukiandika "nakshi ya enzi ya Edo", yaani enzi za huyo mwigizaji, umekosea, na ukiandika "jina la tangu kale" umekosea pia. Andika tarehe mbili, moja ya nakshi na moja ya jina. Nusu ya masahihisho ninayowarudishia ni hayo tu.

3. Sasa huo "umilele". Haujatoka kwenye neno, umetoka machoni. Miraba inaenda juu, chini, kushoto na kulia bila kukatika, watu wakaitazama wakasema hii ni nakshi ya uzao usiokatika na biashara inayoendelea. Maana hiyo ni halali na wateja wanaipenda, hasa wa kufungua duka. Lakini ukiiuza maana ya kutokatika, basi nakshi yako isikatike. Hapa inabidi niwasimulie aibu yangu, maana wiki hii nimeona wawili wenu mkielekea hukohuko.

Mteja alikuwa anafungua mgahawa wa soba, tambi za Kijapani, akataka noren, pazia la mlangoni pa duka, ya vipande vitatu, ichimatsu ya buluu ya nili. Nilijiona nimeshaiva. Nikachora kipande kimoja, miraba mitano kwa upana, nikakikagua kwenye skrini kwa ukubwa wote, kila kona imegusana sawasawa. Nikaandika "kipande hiki x 3", nikatuma faili kwa wachapaji, nikaenda kula. Kisha nikaandika kadi, tena nzuri: jinsi miraba hii isivyokatika ndivyo biashara ya mgahawa huu isivyokatika. Wakaiweka kwenye fremu kando ya mlango.

Hesabuni pamoja nami. Miraba mitano: buluu, nyeupe, buluu, nyeupe, buluu. Kipande cha pili kinaanza na nini? Buluu. Kwa hiyo pale vipande vinapokutana, buluu inakaa ubavuni mwa buluu. Mstari wa chini yake ni nyeupe ubavuni mwa nyeupe. Hivyohivyo kutoka juu hadi chini, mara mbili, kwa sababu vipande ni vitatu. Wala haikuhitaji jicho la fundi, ukiwa ng'ambo ya barabara unaona mistatili minene imejipanga pale palipopaswa kuwa na miraba. Nakshi isiyokatika ilikatika mlangoni pa duka, sehemu mbili, na kando yake kadi yangu inasifia isivyokatika.

Mama yake mwenye mgahawa, mtu mzima sana, alisimama akanyoosha kidole akawa anahesabu kimyakimya. Alipofika mwisho wa kipande cha kwanza akarudi nyuma akahesabu tena. Halafu akanigeukia na tabasamu akasema, "Omoshiroi desu ne." Inavutia. Mnaojua Kijapani cha kazini mnajua neno hilo likisemwa taratibu namna ile, mbele ya kazi yako, ni msiba. Nilianza kueleza kwamba ni ubunifu. Mwanawe akatazama chini. Ningenyamaza ningebakiwa na heshima kidogo.

Bosi wangu hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alichukua penseli nyekundu, akachora miraba sita, akasukuma karatasi upande wangu, akaendelea na chai yake. Noren ilichapwa upya kwa gharama yetu. Kadi niliifuata mwenyewe.

Dawa yake ni sentensi moja: idadi ya miraba iwe shufwa kwa upana na kwa urefu, na kama upana wa kitambaa unakulazimisha witiri, geuza rangi za kipande cha kati. Ukichora repiti, yaani kipande kitakachorudiwarudiwa, kwenye kompyuta, iweke mara nne, mbili juu na mbili chini, kabla hujaituma popote. Usikague kipande kikiwa peke yake.

4. Nembo ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo 2020, aliyoichora Asao Tokolo, ni ya ukoo wa ichimatsu lakini si miraba mitupu. Ina mapande 45 ya maumbo matatu tofauti, yote ya pembe nne. Msiinakili mkadai mmefuata mila.

5. Tembeeni. Kasri la Katsura kule Kyoto, kwenye chumba cha chai cha Shōkintei, kuna milango ya karatasi ya madrafti ya buluu na nyeupe ambayo ukiiona unadhani imebuniwa jana. Hapohapo Kyoto, hekalu la Tōfuku-ji, kuna bustani aliyoitengeneza Shigemori Mirei mwaka 1939: mawe ya sakafu ya zamani na kuvumwani, drafti kwa drafti, na kadiri unavyotazama mbele mawe yanapungua mpaka yanamezwa na kijani. Huyo aliikatisha nakshi kwa makusudi. Nyie bado hamjafika huko.

6. Msilazimishe kila nakshi iwe na baraka. Uroko, zile pembetatu za magamba, ilikuwa nembo ya ukoo wa Hōjō, lakini kwenye Nō, maigizo mengine ya jadi, huvaliwa na mwanamke aliyegeuka nyoka kwa wivu, kwa hiyo ukimpelekea bibi harusi uwe na maelezo. Na ipo kamawanu, iliyovuma kwa sababu ya mwigizaji Ichikawa Danjūrō wa saba: mundu ni kama, duara ni wa, halafu herufi nu, ukisoma kwa pamoja unapata "sijali". Sisi tuliolelewa na kanga, tunaojua mtu anaweza kuvaa jina la kumjibu jirani bila kufungua mdomo, tulipaswa kuwa wa kwanza kuielewa. Badala yake juzi mmoja wenu kamwandikia mteja kwamba ni alama ya mavuno na mzunguko wa maisha. Mteja ni mwenye duka la tenugui, vile vitambaa vya mkono, familia yake imeichapa nakshi hiyo miaka na miaka. Amejibu barua pepe kwa neno moja, na mnalijua.