Nimechora bwana na bibi wa ngao ya taifa wamesinzia, je nafungwa?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mi ni kijana wa Tanga nachora katuni za kuposti tu, sio kazi rasmi. Juzi nimechora ngao ya taifa, yule bwana na bibi wamesinzia alafu panya wanabeba jembe na shoka wanaondoka nalo. Anko wangu kaiona akaniambia futa haraka, eti kuna mchoraji huko India alitupwa ndani kwa kuchezea nembo ya nchi yao na kesi yake ilikuwa ya uchochezi. Ni kweli au ananitisha?

JIBU: Mdogo wangu, anko hajadanganya ila kakusimulia nusu. Jamaa anaitwa Aseem Trivedi. Mwaka 2011 India ilikuwa imechemka kwa maandamano ya kupinga rushwa yaliyoongozwa na mwanaharakati Anna Hazare, na yeye akawa anachora upande huo. Nembo ya India ni wale simba wa nguzo ya mfalme Ashoka kule Sarnath, wako 4 ila kwenye picha unaona 3, na chini pameandikwa kwamba ukweli ndio hushinda. Trivedi akatoa simba akaweka mbwa mwitu wenye damu mdomoni, na yale maneno akayageuza yakawa ufisadi ndio hushinda. Bunge nalo akalichora choo, choo kabisa cha kukalia.

Septemba 2012 akakamatwa Mumbai, na mashtaka yalikuwa ya kutosha watu watatu: uchochezi, kuvunjia heshima alama za taifa, na kifungu cha 66A cha sheria ya mitandao, kilichokataza kutuma ujumbe wa kuudhi mtandaoni. Akakataa dhamana! Akasema kwanza ondoeni uchochezi. Mwishowe Mahakama Kuu ya Bombay (jina la zamani la Mumbai) ikampa dhamana ya rupia 5,000 baada ya wakili mmoja kwenda kumpigania, na mwezi uliofuata serikali yenyewe ikalegeza ikafuta lile la uchochezi. Na zile katuni ambazo mwanzoni wengi hawakuwa na habari nazo sasa zikawa kwenye kila gazeti, yaani polisi ndo waliomfanyia matangazo.

Sasa hapa ndo anko hakufika. Machi 2015 mahakama ileile ikatoa uamuzi, na mimi huwa nacheka kila nikiukumbuka, maana majaji walisema katuni zake zimejaa hasira na kinyaa juu ya ufisadi ila hazina ucheshi wala kejeli ndani yake. Mchoraji kaambiwa na jaji kwamba hachekeshi, hiyo si inauma kuliko faini? Lakini wakaendelea, kwamba kukosa ucheshi hakumnyimi mtu haki ya kutoa hasira zake, madhali hajachochea vurugu. Kipimo hicho Mahakama ya Juu yao ilishakiweka tangu 1962, uchochezi ni pale maneno yanapoelekea kuzua fujo, sio pale mkubwa anaponuna. Siku chache baadaye mwezi huohuo na kile kifungu cha 66A kikafutwa kabisa.

Kwa maoni yangu mimi kuna tofauti kati ya mtu anayeitemea mate nembo na mtu anayechora kwamba nembo imeshatemewa mate na waliopewa kuitunza. Panya wako ni wa aina ya pili. Shida ni kwamba anayeamua uko upande gani mara nyingi ndo huyohuyo uliyemchora panya, na kabla hujafika kwa jaji mwenye akili ushalala lokapu siku kadhaa, simu imechukuliwa na mama analia.

Alafu usidhani mambo haya ni ya Wahindi peke yao. Kifungu cha uchochezi Waingereza walikiweka kwenye sheria ya jinai ya India mwaka 1870, wakamfungia nacho Gandhi mwaka 1922, miaka 6, na sheria hiyohiyo ya jinai ya India ndo ilitumika huku Tanganyika mpaka tulipoandikiwa ya kwetu mwaka 1930. Kwa hiyo ni mabinamu hawa. Kwetu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilikuja na uchochezi wake, na Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha ikasema vifungu vyake kadhaa, vya uchochezi vikiwemo, vinakwenda kinyume na mkataba wa Jumuiya. Na sheria ya alama za taifa tunayo pia, iko peke yake, kwa hiyo hata uchochezi ukikwepa hiyo ipo, mtafute wakili akusomee kabla hujaposti, mimi ni mtu wa magazeti tu.

Ungeniuliza kama ningeuchapa huo mchoro hapa ningesema ndio, ila sio hivi ulivyo. Panya ni wazuri, usingizi wa bwana umetoka vizuri sana ule mdomo wazi, lakini miguuni kwake umeweka pamba. Kwenye ngao bwana ana karafuu, pamba iko kwa bibi. Rekebisha hapo alafu unitumie tena.