Kwa vijana wa Lamu wanaoingia chuo cha ubaharia

Wadogo zangu, kabla ya kulipa karo, kapimweni macho. Anayetaka kuwa afisa wa sitaha, yaani mwongoza chombo, lazima atofautishe rangi vizuri, kwani usiku chombo hujulikana kwa taa zake: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe mlingotini na tezini, yaani nyuma. Inauma mzazi auze shamba, kisha kijana aambiwe macho hayafai.

Sisi wa Lamu tunafika chuoni na mtaji. Mtoto wa Matondoni au Shela anajua bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) kabla hajajua kusoma. Shikeni mtaji huo, lakini usiwalaze. Kwenye zoezi la kujiokoa baharini nimeona waogeleaji hodari wakihangaika na boti la mpira lililopinduka. Lile halitaki misuli. Lizungushe hadi upande wenye mtungi wa gesi uwe ule upepo unakoelekea, panda hapo, utazame upepo, vuta ukanda na kuegemea nyuma. Upepo utakusaidia kuligeuza. Likikufunika, toka chini yake kwa mgongo, bila papara. Ombeni mkufunzi awape zamu ya pili hata kama mmeshafaulu.

Zaidi ya yote, msiishie kukariri tu kanuni za mwaka 1972 za kuzuia kugongana baharini. Kanuni ya 18 inataka chombo cha injini kikipishe cha tanga, na kijana wa mashua huipenda sana. Asome na ya 9: kwenye mlango mwembamba wa bahari, chombo cha tanga, au chochote kisichofika mita 20, kisiizuie meli isiyoweza kupita salama nje ya mkondo ule. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lifunguliwe mwaka 2021, hilo si swali la mtihani tu. Ni baba yako na mashua yake, na meli ya makontena ambayo haiwezi kusimama ghafla.

Likizoni, baada ya Isha, kaeni wawili gatini. Mmoja ataje taa anazoziona, mwenziwe aseme ni chombo gani, kinaelekea wapi, nani ampishe nani. Mimi kanuni za taa ziliniingia hivyo. Na mkufunzi aliyewahi kusafiri msimwache aondoke darasani hivi hivi, mfuateni, mumuulize. Mengi ya maana husemwa mlangoni.

Mkipata meli, kitabu cha kumbukumbu za mafunzo ndicho roho yenu. Kwa afisa wa sitaha, miezi 12 baharini hutosha kupata cheti ikiwa ni sehemu ya mafunzo yaliyoidhinishwa na kitabu kimejazwa. Bila hivyo ni miezi 36. Kila kazi itiwe saini siku hiyo hiyo. Afisa aliyekufundisha anaweza kushuka bandari ijayo, na anayekuja hatatia saini kazi ambayo hakukuona ukiifanya.