Jibu: Kwa nini mabaharia wa manowari za ndege waliogopa moto kuliko bahari

Ndugu, umeuliza mbona wazee waliotumikia manowari za kubeba ndege katika Vita Kuu ya Pili husimulia moto kuliko kuzama. Ni kwa sababu ya shehena: petroli, mabomu na roketi, vyote ndani ya meli moja.

Itazame USS Franklin, manowari ya Marekani ya kubeba ndege, 19 Machi 1945, karibu na Japani. Ndege moja tu ya Kijapani iliidondoshea mabomu mawili, wakati meli ina ndege zilizojazwa mafuta na silaha. Zikalipuana zenyewe. Walikufa zaidi ya 700, lakini meli ilifika New York kwa injini zake.

Waingereza walikuwa na sitaha za chuma: HMS Formidable iligongwa na kamikaze (ndege ya Kijapani ya kujitoa mhanga) Mei 1945, na siku hiyohiyo ndege zikatua tena. Za Wamarekani zilikuwa za mbao. Usiwacheke, wepesi huo uliwawezesha kubeba ndege nyingi zaidi.