Mpelekee Sukari, Lakini Mpelekee na Mahubiri Yako

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimu mzee aliyenipokea katika kazi ya uinjilisti. Anaishi kijijini, nje kidogo ya Masasi mjini, nyumba imezungukwa na mikorosho, na siku hizi macho yake yamefifia. Nilimbebea sukari kilo mbili, sabuni, na kitenge cha bibi. Akavipokea kwa mikono miwili, akashukuru, vikapelekwa ndani. Kisha akajiweka sawa kitini akaniuliza, "Haya, mwanangu. Jumapili ulihubiri nini?"

Swali hilo limenikaa moyoni. Miaka yote nimekuwa nikimpelekea vitu, nikiamini nimeshukuru. Kumbe mwenzangu alikuwa anaingoja ile kazi aliyonifundisha.

Nilipangiwa mtaa wangu wa kwanza wa kanisa mwaka 2003, kijana mwenye sauti kubwa na daftari lililojaa. Msiba wa kwanza niliouhudumia ulikuwa wa mama aliyefariki akijifungua. Nilihubiri karibu saa nzima. Jua la Oktoba linawaka, watu wameketi chini, mume wa marehemu amejiinamia. Mzee hakunisema mbele za watu. Alingoja jioni, akanichukua tukatembee, tukapita katikati ya mikorosho wakati mabibo yameanza kudondoka na harufu yake imetanda njiani. Akasema, "Yule mume leo hakuwa na masikio. Alihitaji umshike mkono." Basi. Hajalirudia jambo hilo hadi leo. Kesho yake alfajiri tulikwenda wote wawili kwa yule mfiwa, tukakaa naye mkekani, hatukuhubiri neno.

Tangu hapo, kila msiba ninaohudumia, kabla ya kufungua kitabu namtafuta mfiwa nimshike mkono. Hilo sikulisoma chuoni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: unapokwenda kumshukuru aliyekulea katika huduma, usimwambie tu "asante kwa yote." Mtajie siku. Mtajie msiba ule, mikorosho ile, maneno yale. Wazee wetu wengi hawajui ni lipi kati ya waliyoyapanda lililoota. Mzee wangu alikuwa ameshalisahau lile la mume wa marehemu. Nilipomkumbusha alinyamaza kitambo, akamwita bibi aje naye asikie.

Ujana wake mzee huyo alitumikia altareni enzi za Askofu Trevor Huddleston wa Kanisa Anglikana, aliyeiongoza Dayosisi ya Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Kabla ya kuja kwetu Huddleston alikuwa padri Afrika Kusini, kule Sophiatown, Johannesburg. Kulikuwa na kijana aliyelazwa muda mrefu kwa kifua kikuu, na Huddleston akawa anamtembelea hospitalini tena na tena. Kijana huyo ni Desmond Tutu, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Cape Town. Tutu alipopata mtoto wa kiume alimwita Trevor. Mzee anapoisimulia habari hii husimama hapo kwenye jina, halafu husema, "Umeona? Hiyo ni asante ya kila asubuhi. Unamwita mtoto aje anywe chai, tayari umeshukuru."

Marafiki ni habari nyingine, na kwangu ndiyo ngumu zaidi. Mwaka 2011 niliacha kazi. Ulizuka mgogoro wa fedha za sadaka ya mavuno, jina langu likatajwa, nikajifungia nyumbani kwa uchungu. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa kwaya wa mtaa wa jirani, hakuja kunishauri nirudi. Alikuja kila Alhamisi jioni kwa baiskeli, msimu wa ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, akaleta ming'oko, tukasali Sala ya Jioni wawili barazani, akaaga. Zilipita Alhamisi kumi na moja hivyo. Hesabu zilipokaguliwa jina langu likasafishwa, nikarudi kazini, na yeye akaendelea na kwaya yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilikaa miaka mingi bila kumwambia lolote. Huku kwetu tumelelewa na utani, ni rahisi kumwita mtani wako mwizi wa kuku kuliko kumwambia "wewe uliniokoa." Siku moja tukiwa stendi Ndanda tunangoja gari, nikalisema. Alitazama barabara, kisha akaniambia kwamba miezi ile mwanawe alikuwa akiugua na nyumbani kwake hakuna aliyekuwa na nguvu ya kusali. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yake ya kupumua. Nisingeshukuru, nisingelijua hilo mpaka kaburini, na wala nisingemwuliza habari za yule mtoto.

Neno kwa mitaa yetu, maana hili linaniuma. Makatekista wengi wamehudumu kwa kujitolea, na uzee hauwakuti na pensheni. Fedha za korosho zikiingia tunakumbuka bati za kanisa, na ni vizuri, lakini paa la aliyetufundisha linavuja. Vijana wa kwaya wakienda kwa zamu kumpulizia mikorosho yake dawa, msimu mzima umeokolewa. Hiyo isingoje kupangwa na kamati.

Tena mema ya watu hawa yaandikwe. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi kwa miguu pamoja na watu waliokombolewa utumwani, akielekea upande wa Ziwa Nyasa, nao wakapiga kambi Masasi na kubaki. Jina la Steere tunalo. Majina ya wengi wa wale waliotembea naye, waliojenga vibanda vya kwanza na kufundisha watoto sala, mimi sikuyakuta popote. Ndiyo maana sasa nina daftari la pili, si la mahubiri. Nimeandika humo nani alinifundisha kuandaa mishumaa, nani alinikopesha baiskeli, nani alinikemea na kwa nini. Nikienda kwa mzee nakwenda na mwinjilisti kijana wa mtaa wangu, ili naye ajue maneno anayoyasikia kwangu yalitoka wapi.

Siku ile ya sukari, basi, nilimjibu mzee kwamba nilihubiri juu ya wale wakoma kumi, yule mmoja aliyerudi kushukuru.

"Soma," akasema.

Nikatoa daftari nikamsomea tangu mwanzo. Alifumba macho, mkono juu ya fimbo. Alinikatiza mara mbili.