Maji ya simtanki, agari tupu: ndugu wa klamidia unawavuaje?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko mwaka wa mwisho, projekti yangu ni kutafuta bakteria ndugu wa klamidia kwenye simtanki za hosteli. PCR ya maji (kile kipimo cha kunakili DNA) imetoa bendi safi kabisa, yani DNA yao imo, ila nikipanda kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, hata ile ya damu, wiki mbili hamna kitu zaidi ya takataka za kawaida. Nakosea wapi? Halafu wenzangu wananitania ati hosteli nzima tunaumwa zinaa, niwajibuje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na hao watani maana ndo kazi rahisi. Klamidia wa zinaa ni Chlamydia trachomatis, mwenyeji wake ni binadamu na haishi kwenye tanki la mtu, tena ni huyo huyo anayeleta trakoma, ule ugonjwa wa macho uliowatesa sana watu wa Kongwa. Wewe unafukuzia kina Parachlamydia, Protochlamydia, Neochlamydia, Waddlia, Simkania. Ni ukoo mmoja ila binamu wa mbali mno, waliachana mamia ya mamilioni ya miaka huko nyuma. Waambie waoge tu.

Sasa agari. Hapo mikono yako haina kosa, kosa ni kwamba umemtengea chakula kiumbe asiyekula nje ya nyumba ya mtu. Ukoo huu wote tuliofanikiwa kuufuga maabara hauzaliani nje ya seli hai. Nje anakaa kama kijidude kidogo kigumu, kazi yake kuambukiza tu, akishamezwa na seli anajifungia kwenye kifuko humo ndani, anavimba, anaanza kugawanyika, wakijaa wanarudi kuwa vijidude vigumu na kutoka kutafuta nyumba nyingine. Ndo maana zamani walihesabiwa kama virusi, na mtafiti T'ang Fei-fan kule Beijing alipotangaza mwaka 1957 kwamba amemkuza yule wa trakoma, alikuwa amemkuzia ndani ya yai la kuku lenye kiinitete. Na wana pampu inayovuta ATP ya mwenyeji, ile molekuli ya nishati, na kumrudishia ADP iliyokwisha kutumika, yani anakula ugali wako anakurudishia sahani tupu. Mgeni wa kawaida siku ya tatu unampa jembe, huyu hata ukimpa hana mikono. Jenomu ya Protochlamydia, yani DNA yake yote, ilipotoka 2004 walikuta ina kama herufi milioni 2.4, zaidi ya mara mbili ya yule wa trakoma, na bado kujitegemea hawezi!

Kwa hiyo usimtafute yeye, mtafute mwenyeji. Chukua Acanthamoeba, aina ya amiba, ndo chambo chako. Zikuze kwenye PYG, ule mchuzi wa kukuzia amiba, zioshe, ziweke kwenye maji ya chumvi ya Page kwenye pleti ya vishimo 24, halafu maji ya tanki uyapitishe kwenye filta ya maikromita 0.2, uikung'ute ile filta na kile kilichotoka ndo uwape amiba. Angalia kila siku kwenye hadubini, ukiona amiba zinapasuka au ndani zimejaa vitone, hamishia kwenye amiba mpya kisha rudia PCR. Njia hii asili yake ni ya watu waliokuwa wanatafuta Legionella, bakteria wa majini anayeleta nimonia, na yeye anapenda amiba hizo hizo, so usishangae ukivua Legionella badala ya klamidia, na kwa sababu hiyo fanya kazi ndani ya kabineti ya usalama ya maabara. Kama unavaa lenzi za macho zivue kabisa siku hizo, Acanthamoeba kwenye konea si mchezo.

Kitu ambacho wengi wanateleza ni joto. Parachlamydia acanthamoebae kwenye nyuzi 25 mpaka 30 anakaa na amiba kwa amani kabisa, ukipandisha 32 mpaka 37 anaiua. Bakteria yule yule, amiba ile ile. Sasa fikiria maabara zetu hizi, mchana eisii inawaka, usiku inazimwa, umeme umekatika, asubuhi unakuta amiba zimekufa unaandika "imeambukizwa" kumbe jana zilikuwa na mgeni vile vile ila hujamuona. Weka inkubeta 32 na uandike joto kila siku.

Tena akiwa ametulia si hasara tupu. Kuna majaribio yameonyesha amiba yenye Neochlamydia au Parachlamydia ndani Legionella anashindwa kustawi humo, kwa hiyo mgeni njoo mwenyeji apone imetokea kweli, kwenye amiba! Mimi hapo ndo pananivutia kuliko mambo yote ya PCR. Na hii inakugusa wewe moja kwa moja, maana amiba ulizookota mwenyewe zinaweza kuwa tayari zina mgeni wake, Protochlamydia alipatikana hivyo hivyo, ndani ya amiba ya udongoni. Lazima uwe na vishimo vya amiba zisizopewa maji ya tanki, na hizo uzipime PCR pia, bila hivyo msimamizi wako atakurudisha mwanzo na atakuwa na haki.

Ukijaribu yote hayo na bado hamna kitu, kabla hujakata tamaa peleka ile bendi ikasomwe sikwensi, yani mpangilio wa herufi za DNA yake. Ukoo huu hauishi kwenye amiba tu. Waddlia alitolewa kwenye kijusi cha ng'ombe aliyeharibu mimba Marekani mwaka 1986, Simkania aliingia bila hodi kwenye seli za maabara kule Israeli, na kuna Rhabdochlamydia anayeishi kwenye mende. Sikwensi ikikuambia Rhabdochlamydia, amiba zako ziache zipumzike, panda juu ufungue mfuniko wa simtanki uangalie nani amezama humo.