Uliza Mpanda Milima: Ngosi kwa Pasaka? Hapana, Mwalimu

SWALI: Ninafundisha Jiografia hapa Iringa. Nataka kuwaleta wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, kama arobaini hivi, Ziwa Ngosi wakati wa likizo ya Pasaka. Nimeona picha za watu wamekaa majini kabisa. Tukifika tunaweza kuteremka, vijana wakaogelea?
Mwalimu, Iringa

JIBU: Mwalimu, karibuni sana, ila si Pasaka. Mvua ya Rungwe mwezi wa nne hainyeshi ikapita, inahamia. Njooni kati ya Juni na Oktoba, na kila mtoto awe na sweta, maana baridi ya milima hii ya Uporoto mwezi wa saba haina utani.

Mkitoka Mbeya mjini shikeni barabara ya Tukuyu, mshukie Isongole. Hapo mtapata waongoza wageni na bodaboda. Msitu uko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, na kiingilio kipo, hivyo lipieni na mdai risiti. Kutoka lami hadi mguu wa mlima ni kilomita kadhaa katikati ya mashamba ya viazi na pareto. Kisha shamba linakatika ghafla na msitu unaanza: mianzi, migomba ya porini, miti iliyoota ndevu za kuvumwani. Mtu anayetembea bila kusimama hupanda kwa saa moja hivi. Kundi lenye simu za kupigia picha, hesabu mbili.

Mkifika ukingoni, mwalimu, ndipo darasa lako lilipo. Chini yenu kuna maji ya kijani yenye urefu wa kilomita mbili na nusu hivi, kina kama mita 74, na hakuna mto unaoonekana kutoka humo. Waambie vijana kwamba huo mlima ulilipuka, ukatapika uji wa moto na majivu mpaka tumbo likabaki tupu, kisha kilele kikaporomoka ndani, kama paa la nyumba iliyoliwa na mchwa. Hiyo ndiyo kaldera. Mlipuko wake mkubwa wa mwisho haujatimiza hata miaka elfu moja. Hawataamini, basi wainame wachimbue udongo wa njiani kwa vidole: watapata vijiwe vyepesi vyenye matundu matundu. Na joto bado liko huko chini. Ndiyo maana Ngozi, kama inavyoandikwa kwenye karatasi za serikali, ni moja ya maeneo ambako kampuni ya umma ya TGDC inatafuta jotoardhi la kuzalishia umeme.

Sasa hilo la kuteremka. Njia ya kwenda majini si njia, ni ukuta wenye mizizi. Mtazame kijana wa Isongole anavyoshuka: anageuza uso mlimani, anashika mzizi, anautikisa kwanza, ndipo anauachia uzito wake. Hatua inayofuata anaitafuta kwa ncha ya kiatu bila kuangalia. Watu wawili watatu wenye mwongozaji na ardhi kavu, sawa. Watoto arobaini, sikubali. Wa juu akikanyaga jiwe bovu, linampata wa chini. Kuogelea ndiyo kabisa msifikirie, kwa sababu ukuta huohuo unaendelea chini ya maji na hakuna ufukwe wa kusimama. Wapo wanaoshuka kuchota yale maji wakiamini ni dawa. Hao wana safari yao, mwalimu, na wewe una wazazi arobaini wa kuwajibu.

Mchana uliobaki wapeleke Daraja la Mungu, ambako mwamba wa volkano umeukatiza mto Kiwira ukaacha maji yapite chini yake. Vijana wengi hulipenda kuliko hata ziwa.

SWALI: Baba yangu ni mzee wa Rungwe. Anasema kuna vishimo ambavyo ndege na panya hufa humo bila jeraha, na wao walikatazwa kuvisogelea tangu utotoni. Mimi naona ni hadithi za uchawi tu. Nataka kupiga kambi karibu na mlima Kiejo mwezi wa nane.
Kijana wa Mbezi

JIBU: Mdogo wangu, msikilize mzee. Ile ni hewa ya ukaa, inayopanda kutoka ardhini kwenye nyufa za volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi wala harufu, na pasipo na upepo hujilaza bondeni na vishimoni. Kiumbe mwenye pua chini ndiye anayetangulia. Gesi hiyohiyo huvunwa Kiejo kwa ajili ya viwanda, vikiwemo vya soda, kwa hiyo chupa uliyokunywa huenda ina pumzi ya mlima wa baba yako.

Hema usiliweke kwenye bonde dogo, hata likiwa limekukinga na upepo vizuri namna gani. Weka juu, upepo ukupige. Ukiona wadudu au ndege wamekufa pamoja, ondoka hapo, na usiiname kutazama. Na huo mlima wenyewe usiuite mfu: lava yake ya mwisho ilimwagika mnamo mwaka 1800, na ni masimulizi ya wazee kama baba yako yaliyohifadhi habari hiyo.

SWALI: Nikija Ngosi nitamwona kipunji? Na nivae viatu gani?
Dada wa Dodoma

JIBU: Kipunji hapana, dada. Yule nyani aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 anaishi msitu wa Mlima Rungwe na Livingstone, na hata huko hajitokezi kwa sababu umelipa kiingilio. Ngosi tafuta kinyonga wa pembe tatu, yupo Uporoto. Akionekana, mwache kwenye tawi lake. Wanaomshika kwa ajili ya picha wananiudhi.

Viatu: raba za mjini ziache Dodoma. Vaa buti lenye meno, au gambuti kama wenyeji, na ukate kucha za miguu kabla, la sivyo zitakulilia wakati wa kuteremka. Beba noti ndogondogo pia, maana asubuhi pale Isongole chenji ya elfu kumi ni ugomvi.